Yule wa Nyuma Ndiye Huona Taa Zako

Leo sina hot take ya muziki wala ya siasa. Leo nataka kukiri kitu ambacho nimekificha miezi kadhaa, na ambacho bado kuna video yake kwenye page yangu yenye likes nyingi kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Ile video ya sekunde 58 ambapo nafunga kontrola ya breki za trela kwenye pikapu ya anko wangu, halafu naangalia kamera nasema, "Kazi safi, kazi imeisha." Kazi haikuwa imeisha. Kazi haikuwa hata safi.

Wacha nianze mwanzo.

Anko wangu, ndugu ya mamangu, anakaa Nakuru na anakodisha mahema na viti. Harusi, ruracio, matanga, kanisa likiwa na harambee, yeye ndiye mtu wa viti. Kwa miaka mingi alikuwa anabeba vitu kwa pikapu peke yake, Hilux ya kitambo, single cab, trip mbili au tatu kwa kazi moja. Mafuta yanaisha, muda unaisha. Kisha akasikia kuna mzungu mmoja anarudi kwao Australia na anauza trela. Trela si ya kuchomelewa mtaani, ni trela ya ukweli, ekseli moja, imara, na ina breki zake yenyewe za umeme. Anko akaenda akaiona, akalipa, akaivuta nyumbani mchana pole pole, plagi ikiwa imefungwa kwa kamba.

Hapo kwa breki za umeme ndipo mimi niliingia.

Trela nyingi ndogo huku kwetu ama hazina breki kabisa, ama zina zile breki za kusukumwa, yaani gari likipunguza mwendo trela inasukuma kichwa chake mbele na ule msukumo ndio unafunga breki. Hii ya anko ni tofauti. Ndani ya kila gurudumu kuna sumaku ya umeme. Ukipeleka umeme, sumaku inajishika kwenye dramu inayozunguka, inavutwa nayo kidogo, inasukuma mkono, na ule mkono unapanua laining za breki. Umeme mwingi, breki nyingi. Umeme kidogo, breki kidogo. Lakini lazima kuwe na kitu ndani ya gari kinachoamua ni umeme kiasi gani uende nyuma. Hicho kitu ndicho kinaitwa kontrola ya breki.

Anko hakuwa nayo. Nikamwambia, "Anko, hiyo niachie mimi. Nitaagiza kutoka Marekani, nitaifunga mwenyewe, na nitai-shoot." Akaniuliza, "Una uhakika? Si tuite fundi wa waya?" Nikamwambia fundi wa nini, nimeona video thelathini za watu wa Texas wakifunga hii kitu. Anko akanyamaza. Ananipenda sana huyo mzee, na hiyo ndiyo shida yake.

Kontrola ikafika. Ni kisanduku kidogo kama remote ya TV ya zamani, kina screen ya namba na kitufe cha kusukuma kwa kidole ukitaka kufunga breki za trela peke yake bila kukanyaga pedali. Nyuma yake kuna waya nne tu. Nyeusi inaenda kwa betri, upande wa chanya, ikipitia fyuzi. Nyeupe ni ethi. Nyekundu inaenda kwa swichi ya pedali ya breki, upande ule unaopata umeme mguu ukikanyaga tu. Bluu ndiyo inabeba umeme wa breki kwenda kwa trela.

Na kusema kweli, hizo nne nilifunga vizuri. Nyeusi niliipitisha hadi betri na fyuzi ya ampea 20. Sikuungaunga kwa waya ya redio kama wengine. Nyeupe niliipeleka moja kwa moja hadi hasi ya betri, si kwa skrubu yoyote yenye kutu chini ya dashibodi. Nyekundu niliitafuta kwa testa: kanyaga, taa ya testa inawaka, achilia, inazima. Kontrola nikaifunga ikiwa imenyooka, kwa sababu hii aina ina kihisi ndani kinachopima jinsi gari linavyopunguza mwendo, na ukiifunga imelala ovyo inapima uongo. Nilikuwa najiona injinia.

Shida ilikuwa bluu. Ilikuwa ifike kwa ile soketi ya mviringo ya pini saba iliyo nyuma ya pikapu, ambayo fundi fulani alikuwa ameweka miaka mingi iliyopita. Nikaifungua, nikaona pini namba 2 haina kazi, iko tupu. Nikasema, hii hapa. Bluu ikaingia kwa namba 2. Nikachukua plagi ya trela, nikaichomeka kwa soketi, ikaingia bila vita. Ikakaa kabisa, klak. Nikaona hiyo ni ishara kutoka mbinguni.

Wasee, plagi kuingia haimaanishi waya zimekutana.

Tukajaribu taa. Anko yuko ndani, mimi niko nyuma na simu. Indiketa ya kushoto, iko. Ya kulia, iko. Breki, taa nyekundu zinawaka. Taa za usiku, zote mbili nyuma zinawaka. Kontrola kwenye screen inaonyesha imeona kitu kimeunganishwa upande wa trela. Manze, kila kitu kilikuwa fiti. Hapo ndipo nikaangalia kamera na kusema yale maneno.

Kulikuwa na vitu viwili tu havikukaa sawa, na vyote viwili niliviona.

Cha kwanza. Maagizo yanasema ukishafunga, peleka gari barabara kavu, tambarare, isiyo na watu, mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, halafu sukuma kile kitufe cha mkono. Unafaa kusikia trela inakuvuta nyuma. Unaongeza nguvu kidogo kidogo hadi magurudumu yakaribie kujifunga, halafu unapunguza kidogo. Tulizunguka mtaani, nikasukuma kitufe. Anko akauliza, "Umesikia?" Nikasema, "Eeeh, nimesikia." Sikusikia kitu. Nilijiambia trela iko tupu ndiyo maana. Nilijiambia ni breki za kisasa, zinashika polepole. Nilikuwa nimeshamaliza video kichwani, na mtu akishamaliza video kichwani hataki tena kusikia habari ya barabara.

Cha pili. Tukiwa tunarudi nyumbani, kuna jamaa wa bodaboda wa stage ya kwetu alikuwa nyuma yetu. Tuliposimama akatupita, akasimama kando ya dirisha langu, akasema, "Buda, hiyo trela yenu mkifunga breki inawasha taa nyeupe. Kama mnataka kurudi rivasi." Nikamjibu, na hii naiandika kwa aibu, "Hizo ni taa za ng'ambo, bro, ziko hivyo." Akainua mabega, akaenda zake.

Alikuwa ameona shida yote. Kwa sekunde tano, bila testa, bila video thelathini. Mimi nikamjibu kama mtu wa kumsumbua.

Wiki iliyofuata tukapata kazi ya harusi Molo. Ukitoka Nakuru kwenda Molo unapanda. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Molo iko kama mita 2,500. Kwa hivyo asubuhi, na mzigo wote wa mahema na viti, injini ndiyo ilifanya kazi. Breki hatukuzihitaji sana. Tulifika, vijana wawili wa kupanga viti wakashusha, harusi ikawa poa, bibi harusi akachelewa kama kawaida, pilau ikaisha kabla DJ ale. Jioni tukapakia tukaanza kurudi. Anko anaendesha, mimi kando yake, vijana wawili wamejilaza nyuma ya pikapu juu ya mahema.

Tukaingia barabara kuu ya Eldoret kwenda Nakuru. Kama wewe ni wa Nakuru hujahitaji nikuambie kuhusu Sachangwan na Salgaa. Kama si wa huko: ni mteremko mrefu ambao malori yamekuwa yakipoteza breki miaka nenda miaka rudi, watu wamezikwa wengi mno, hadi ukuta wa zege ukawekwa katikati ya barabara. Mtu yeyote anayebeba mzigo Nakuru anajua huo mteremko. Anko hushuka pale na gia ndogo na redio imezimwa.

Saa kumi na mbili na nusu, giza likaanza kuingia. Anko akawasha taa.

Baada ya dakika chache akasema, "Hii gari imekuwa nzito." Nikamwambia ni mlima. Akasema, "Hapa hakuna mlima." Akaongeza mafuta. Injini ikalia lakini mwendo hauongezeki, kama kuna mtu ameshika gari kwa nyuma. Mimi nikaanza kufikiria clutch, nikaanza kufikiria filta ya dizeli. Sikufikiria trela hata kidogo. Trela nilikuwa nimefunga mimi.

Halafu tukasikia vijana wakigonga paa la pikapu. Si kugonga kwa mchezo. Wanagonga kwa viganja, wanapiga kelele, "Moshi! Anko, simama! Moshi!"

Anko akatoa gari barabarani mahali palipo na nafasi, mteremko ukiwa bado uko mbele yetu. Nikashuka. Harufu ya laining zilizoungua, wale mnaijua mnaijua. Magurudumu yote mawili ya trela yalikuwa yanatoa moshi. Nikapeleka mkono karibu na rimu bila kuigusa, joto likanirudisha nyuma. Vijana wakaweka mawe kwa magurudumu, anko akatoa zile pembe tatu za kuonya akaziweka nyuma mbali, akawasha hazadi, akazima taa zingine. Malori yanatupita, kila moja likipita pikapu inatikisika.

Tukangoja dramu zipoe, karibu dakika arubaini. Hakuna aliyeongea sana. Halafu anko akasema tupige jeki gurudumu moja. Tukapiga. Nikalizungusha kwa mkono, linazunguka bila shida. Handbrake ya trela iko chini. Hakuna kitu kimeshika. Anko akakuna kichwa, akaingia ndani ya gari kutafuta tochi, na bila kufikiria akawasha taa ili aone.

Tik.

Nilisikia hiyo sauti ndogo kutoka ndani ya gurudumu, na gurudumu nililokuwa nazungusha likasimama mkononi mwangu.

Nikamwambia, "Anko, zima taa." Gurudumu likazunguka. "Washa." Tik. Likashika. "Zima." Likaachia. Tukafanya hivyo mara nne, na kila mara nilikuwa nasikia tumbo langu linashuka. Taa za usiku za pikapu zilikuwa zinafunga breki za trela.

Nitaeleza vile baadaye fundi alinieleza, kwa sababu mimi pale barabarani sikuwa najua kwa nini, nilijua tu ni mimi.

Ile soketi ya mviringo ya pini saba inafanana sehemu nyingi za dunia, lakini kazi ya kila pini haifanani. Kwa ule mpangilio wa Ulaya, ambao ndio ulikuwa kwenye pikapu, namba 1 ni indiketa ya kushoto, namba 3 ni ethi, namba 4 indiketa ya kulia, namba 6 taa za breki. Namba 7 ni taa ya usiku ya kushoto, na namba 5 ni taa ya usiku ya kulia. Kwa mpangilio wa Australia, 1, 3, 4 na 6 ni zile zile. Namba 7 inabeba taa zote mbili za usiku. Namba 2 ni taa za rivasi. Na namba 5, wasee, namba 5 ni breki za umeme.

Sasa piga hesabu. Indiketa zikafanya kazi kwa sababu zinafanana. Taa za breki hivyo hivyo. Taa za usiku zote mbili ziliwaka kwa sababu ya namba 7. Kila kitu nilichojaribu kilipita. Lakini waya yangu ya bluu, iliyobeba nguvu ya breki, ilikuwa inaenda kwa taa za rivasi. Ndiyo maana mguu ukikanyaga, taa nyeupe zinawaka, kama yule jamaa wa boda alivyosema. Na ndiyo maana kontrola ilidhani imeona breki: balbu mbili zikiwa baridi zinapitisha umeme kwa urahisi, ikadanganyika. Halafu pini namba 5 ya pikapu, ya taa ya usiku ya kulia, ilikuwa inapeleka umeme moja kwa moja kwa sumaku za breki. Mchana, hakuna breki. Usiku, breki muda wote. Kilichotuokoa magurudumu yasijifunge kabisa mwendo ukiwa juu ni kwamba waya ya taa ni nyembamba, umeme mwingine ulipotelea njiani, breki zikashika nusu.

Turudi barabarani. Nikafungua plagi kwa mwanga wa simu, nikaona bluu iko kwa namba 5, nikaitoa nikaizungushia tepu. Sasa taa zinawaka na magurudumu yako huru. Nikamwambia anko, tunaweza kwenda.

Anko akaangalia mteremko. Akaangalia wale vijana wawili. Akasema, "Hii trela haishuki leo."

Nikajaribu kumwambia tutashuka na gia ya pili. Akasema, "Kijana wangu, asubuhi uliniambia ina breki. Saa hii huniambii ina breki. Mimi sijui tena ina nini."

Tukaivuta pole pole hadi petrol station iliyokuwa karibu, kabla ya mteremko, tukamlipa mlinzi ailinde. Vijana wakaingia ndani na sisi, wanne tumebanana kwa kiti cha watatu, tukashuka kimya. Nilipokuwa naona taa za malori chini kule ndipo iliponijia. Kama anko hangewasha taa, ama kama lile kosa la namba 5 halingekuwepo, tungeingia mteremko ule na trela imejaa, tukiamini ina breki, na haina. Kosa moja ndilo lilitoboa siri ya lingine. Hatukuokolewa na akili yangu hata kidogo.

Na bado haikuwa imeisha. Kesho yake saa mbili asubuhi viti vilikuwa vinahitajika matanga Njoro. Viti viko petrol station. Usiku ule anko akapigia simu watu watatu wa kazi yake, washindani wake kabisa, akakodi viti vyao kwa bei yao, akapeleka kwa familia kwa bei waliyokuwa wamekubaliana naye. Alipata hasara na hakuniambia ni ngapi. Nilimsikia tu akiambia mama wa hiyo familia, "Pole sana, mama, viti vitafika." Hakusema ni nani aliharibu. Afadhali angesema.

Siku ya pili tukaenda na fundi wa waya, mzee mmoja ambaye karakana yake ni kivuli cha mti na boksi moja. Nilikuwa najua ataniangalia vile wazee huangalia vijana wa simu. Hakuniangalia hata. Aliomba kipande cha katoni na kalamu. Akachora saba mara mbili, upande wa gari na upande wa trela. Halafu akachukua testa akaanza: washa hii, pini gani inawaka? Andika. Zima. Washa hii, pini gani? Andika. Upande wa trela akatumia betri, akapeleka umeme pini moja moja na kuniambia niangalie nini kinafanyika. Hakuuliza rangi ya waya hata mara moja. Nilipomwambia, "Lakini bluu ni breki," akasema, "Rangi ni ya aliyenunua waya. Testa ndiyo ya mwenye kazi."

Katoni ilipojaa, kosa lilikuwa linaonekana wazi hata kwa mtoto. Tukarekebisha plagi ya trela ifuate pikapu, kwa sababu pikapu inaweza kuvuta trela zingine za huku. Bluu ikahamia namba 2. Ile ya rivasi tukaifunga ikae bila kazi. Namba 5 ikaachwa tupu. Fundi akafuata waya hadi kule chini ya trela na akakuta kitu kingine ambacho sikuwa nimefungua kabisa: ile swichi ya dharura, yenye kamba inayofungwa kwa gari, ili trela ikichomoka kamba ivute pini na breki zijifunge zenyewe kwa betri ndogo ya trela. Betri ile ilikuwa imekufa. Yaani hata hiyo ya mwisho haingetusaidia. Akaweka nyingine.

Halafu majaribio. Jeki, zungusha gurudumu, sukuma kitufe cha kontrola: tik, limesimama. Washa taa za usiku: gurudumu linaendelea kuzunguka. Vuta pini ya dharura plagi ikiwa nje: limeshika. Ndipo tukaenda mahali pa wazi, kilomita 40, nikasukuma kitufe na safari hii hakuna mtu aliniuliza kama nimesikia. Trela ilituvuta nyuma kama mtu ameshika shati. Wasee, ukiisikia hiyo kitu mara moja, huwezi tena kujidanganya kwamba uliwahi kuisikia kabla.

Sasa hiyo opinion yenyewe, maana hii page ni ya opinion.

Sisi watu wa kontenti tunapenda kusema "nimejifunza mwenyewe" kama ni medali. Na sipingi kujifunza mwenyewe. Zile waya nne nilijifunza mwenyewe na zilikuwa sawa, fundi mwenyewe alizikagua na hakuzigusa. Shida yangu haikuwa kutojua. Shida yangu ilikuwa kujipa mtihani niliojua nitapita. Nilijaribu taa kwa sababu taa zinaonekana kwa kamera. Jaribio la barabara, ambalo ndilo lilikuwa linauliza swali la ukweli, nilijijibia. Na mtu aliyekuja na jibu bure, akiwa kwa pikipiki yake, nilimfukuza kwa sababu hakuwa na sura ya mtu wa kunifundisha.

Fikiria hii kidogo. Dereva hawezi kuona taa zake za nyuma. Hata awe stadi namna gani. Anayeziona ni yule aliye nyuma: mtu wa boda, vijana juu ya mahema, konda wa matatu. Mara mbili kwa hii stori, watu wa nyuma ndio waliona. Mara ya kwanza nilikataa, mara ya pili walilazimika kugonga paa.

Kama uko karibu kufanya hii kazi, usiogope, inawezekana. Lakini usiamini rangi, na usiamini kwamba plagi ikiingia imekubali. Chora pini saba za gari na saba za trela na uzipime zote. Zungusha gurudumu kwa mkono ukiwa na kila taa imewashwa, moja moja. Angalia betri ya dharura. Na usishuke mteremko wowote kabla hujasikia trela ikikuvuta mahali tambarare.

Ile video bado iko. Nilitaka kuifuta, halafu nikaona kuna watu wamei-save na pengine kuna mtu ameshafunga yake akifuata yangu. Kwa hivyo nimeiacha, na nimeandika juu yake: hii kazi ilikuwa na makosa, soma hapa kwanza. Kama ulinifuata kwa ile video, tafadhali nenda nje saa hii, piga jeki, washa taa, zungusha gurudumu.

Na yule jamaa wa boda nilimtafuta. Ilinichukua wiki mbili, si kwa sababu alikuwa mbali, yuko stage ile ile kila siku. Nilimnunulia chai na mandazi, nikamweleza yote, Molo, moshi, petrol station, katoni. Alisikiliza hadi mwisho, akamaliza mandazi, akafuta mkono.

"Mimi nilikuambia tu kile niliona," akasema.

Nikamwambia najua. Halafu akaniuliza kama naweza kumwangalilia indiketa yake ya nyuma, kuna mtu alimwambia haiwaki.

Nikaenda nyuma ya pikipiki nikaangalia. Ilikuwa haiwaki.